Nadhiri ya Mguu Wangu

Mguu wangu wameuiba watu wa nyumbani kwangu. Nasema wameuiba, na anayetaka nitumie neno la adabu aje kwanza akae hapa chini nilipo.

Jumatatu nilikuwa nirudi kazini kwenye tanuri la mikate. Bosi alishasema wazi: "Eleuterio, mkate huokwa kwa kusimama. Ukija umesimama, nafasi yako ipo. La sivyo namchukua mwingine." Mwaka mzima nilijifunza kutembea na mguu wa bandia, naanguka, nainuka, mpaka magongo yangu nikampa jirani aliyevunjika nyonga.

Jumapili nimeamka, napapasa kando ya kitanda, mguu hakuna.

"Obdulia, mguu wangu uko wapi?"

Mke wangu aliendelea kugeuza chapati za mahindi. "Mama ameondoka nao alfajiri. Amempelekea Bikira Maria."

"Mguu wangu?"

"Aliweka nadhiri ulipokuwa hospitali. Ukisimama tena, atatundika kanisani kilichokusimamisha. Alikusudia magongo, wewe ukayagawa. Sasa angempa nini Bikira, mume wangu? Maneno matupu?"

"Na wewe ulijua."

"Nimeufunga mwenyewe kwenye shali. Dada zako wamemsindikiza. Usijitese, mpenzi. Sisi tupo, utembee uende wapi?"

Alisema hivyo kwa upendo wa kweli, na hilo ndilo lililoniuma zaidi. Jana nyumba nzima ilikula nami, ikanisifu ninavyotembea, na wote walijua. Wamenisaliti, basi.

Nikashuka kitandani, nikajiburuta mpaka mlangoni kumsubiri mama. Hapa kwetu Jalisco mtu hampandishii mama yake sauti. Niliapa leo nitampandishia.

Alirudi jioni, dada zangu wamemshika huku na huku. Kutoka lango la kanisa hadi altareni alikwenda kwa magoti. Yalikuwa yamechunika, damu imegandia soksi.

"Uko juu kabisa, mwanangu, katikati ya miguu ya nta ya watu walioponywa," alisema, uso umejaa furaha. "Padri ameubariki. Kilichopewa Bikira hakirudi. Mbona umekaa chini?"

Nikafungua mdomo nimpandishie sauti. Obdulia akaleta beseni la maji ya moto na kitambaa, akaviweka mbele yangu, kwa kuwa mimi ndiye niliyekuwa karibu zaidi na yale magoti.

Nikayaosha.