Mdomo wa Kuazima

Kamati ya Ustawi wa Wanafunzi wa Sheria ilianza muhula ikiwa na viongozi kamili. Mwenyekiti alikwenda Kampala kutibiwa jino, akapona, akabaki huko huko. Makamu wake alipata kazi kwenye shirika lenye gari jeupe, na tangu hapo akawa anatupungia mkono kupitia kioo. Mweka hazina, kwa kuwa hazina yenyewe haikuwapo, aliona haya kuendelea kuiweka. Akabaki katibu, Santina wa mtaa wa Kator hapa Juba, mwanafunzi wa mwaka wa pili, ambaye sasa ndiye alikuwa kamati nzima. Aliitisha vikao, akavihudhuria peke yake, akapiga kura, na mara nyingi alishindwa na usingizi kabla ya kura kuhesabiwa.

Alikuwa amechoka. Si ule uchovu wa kupiga mwayo na kujinyoosha. Uchovu wa Santina ulikuwa umehamia kwake rasmi, umekuja na godoro lake na mswaki wake, na haukuonyesha dalili ya kuondoka.

Kazi kubwa ya kamati hiyo ilikuwa kijana mmoja, Wol. Homa ya uti wa mgongo ilimpitia akiwa mtoto. Sikio la kushoto ikalifunga kabisa, la kulia ikaliacha kama duka siku ya Jumapili, nusu mlango. Ukimsogelea na kusema kwa nguvu, anakusikia. Ukimtazama usoni na kutamka vizuri, anakusoma midomo. Mwalimu wa Sheria ya Ardhi hakufanya hata moja kati ya hayo.

Mwalimu huyo, Erifazi, alikuwa hakimu mstaafu kutoka Uganda, mzee mpole mwenye kofia ya majani. Alifundisha akiwa ameugeukia ubao, kwa sauti ndogo kiasi kwamba hata inzi aliyetua kwenye kola yake alilazimika kusogea ili kumwelewa. Na chini ya dirisha la darasa, hoteli ya jirani ilikuwa imeweka jenereta yake, mnyama wa chuma aliyenguruma tangu asubuhi. Kamati iliomba kipaza sauti. Kipaza sauti kililetwa, kikaishi kwa kipindi kimoja, kisha kikaazimwa kwa ajili ya harusi. Harusi za Juba haziishi.

Basi Santina akawa anaketi dawati la mbele kando ya Wol, amekisogeza kidevu mbele kabisa, akiyanasa maneno ya mzee na kuyaandika moja moja, huku Wol akiyasoma yakiwa bado mabichi. Nyuma yao darasa zima lilitikisa kichwa kukubali, kwa heshima, kwa hiyo Santina aliamini kwamba shida ni ya Wol peke yake. Lakini mkono unaomwandikia mtu mwingine hauwezi kufikiri kwa niaba ya mwenyewe. Mtihani wa katikati ya muhula ulipokuja, Wol alifaulu. Santina alipata alama ambazo si adabu kuzitaja mbele ya watoto.

Ijumaa iliyofuata, kabla ya kipindi, Wol alikuja na begi.

Walikuwa kwenye meza ya chai ya Milly, Mganda aliyeuza mandazi nje ya lango la chuo na kuwaita wanafunzi wote mawakili, hata wale waliokuwa wamefeli. Milly ndiye aliyeliona begi kwanza.

"Wakili, wewe iko safiri?"

"Naenda bandarini," Wol akasema. "Mjomba wangu ana kazi kwenye matishari ya mizigo. Nitasimamia magunia. Magunia hayasemi, kwa hiyo tutaelewana."

Santina akaweka kikombe chini, akamsogelea sikio la kulia. "Unaenda lini?"

"Baada ya kipindi. Nimekuja kuaga, nisiondoke kama mwizi."

"Kwa nini lakini? Umefaulu."

"Wewe umefeli."

"Nimefeli mwenyewe."

"Umefeli ukiwa umenibeba." Wol hakuonyesha hasira. Aliongea kama mtu aliyekwisha kuamua na anasubiri tu wengine wamfikie. "Dada, mtu hawezi kusomea sheria akiwa mgongoni kwa mwenzake. Mgongo nao una mitihani yake."

Hapo Santina alipaswa kusema hapana. Maneno alikuwa nayo, ya kamati kabisa, yenye haki na usawa ndani yake. Lakini kabla hayajafika mdomoni, kitu kingine kiliwahi. Aliona mkeka. Aliona mchana mtulivu nyumbani kwao Kator, kengele ya kanisa kuu ikigonga mbali, na yeye amelala kifudifudi bila mtu wa kumwandikia. Ilikuwa nafuu tupu, tamu kama sukari ya chini ya kikombe. Akaionea aibu sana nafuu ile, hata akashindwa kumtazama Wol, akabaki kulitazama andazi.

"Hujajibu," Wol akasema.

"Nimechoka, Wol."

"Najua. Ndilo hilo ninalosema."

Akainuka kwenda kuagana na walinzi wa lango, begi begani. Nafasi yake ikachukuliwa na Ater, kijana mrefu wa darasa lao aliyesoma bweni kule Kenya, ambako shule tatu, moja baada ya nyingine, zilimwandikia barua nzuri mno za kumwombea nafasi shule nyingine.

"Sasa, kamati," Ater akasema. "Mbona una uso wa mazishi? Nani amekufa?"

Santina akamweleza yote, isipokuwa ule mkeka. "Ninachotaka ni mtu mmoja tu," akamalizia. "Mtu wa kupaza sauti badala yangu. Basi."

"Huyo yuko kwetu."

"Wapi?"

"Kwa chifu. Hujawahi kuona mahakama ya chifu kwetu Wadinka? Kuna agamlong. Mtu akisema, yeye anasimama katikati na kurudia maneno yake kwa nguvu, neno kwa neno, mpaka yule wa mwisho kabisa aliye na mbuzi wake kule nyuma amesikia. Mtu mkubwa hapigi kelele, dada. Anaongea pole pole, anaazima mdomo." Macho ya Ater yakaanza kung'aa kwa namna ambayo shule tatu za Kenya zingeitambua. "Na mwalimu wetu ni mtu mkubwa sana."

"Ater, hapana."

"Sijasema kitu."

"Utafukuzwa. Na mimi nitafukuzwa pamoja nawe."

"Kwani si ni mila? Mwaka jana tulisoma Sheria za Mila muhula mzima. Mama Milly, niazime kitambaa cha meza."

"Wewe rudisha iko safi," Milly akasema, akamvulia meza yake nguo bila kuuliza zaidi.

"Kama katibu wa ustawi nakukataza," Santina akasema. Akayafumba macho kidogo. "Kama Santina, sina nguvu ya kukuzuia."

"Nimekusikia vizuri, hasa hilo la pili," Ater akasema, akaondoka na kitambaa.

Mwalimu Erifazi aliingia, akaweka kofia mezani, akaugeukia ubao na kuanza kuzungumza nao. Jenereta ikanguruma. Wol alikuwa ameliweka begi lake sakafuni, katikati ya miguu. Santina akatoa kalamu, akahisi mkono mzito kana kwamba ni wa mtu mwingine aliyeuacha hapo.

Ndipo Ater aliposimama katikati ya darasa, kitambaa cha mandazi kimefungwa begani kwa heshima zote, rula ya ubaoni mkononi kama fimbo.

"Ardhi," mzee akauambia ubao, "si ya anayeipenda. Ni ya anayeweza kuthibitisha."

"Ardhi si ya anayeipenda," Ater akatangaza, kwa sauti ya mtu anayeita ng'ombe walioko ng'ambo ya mto. "Ni ya anayeweza kuthibitisha."

Mwalimu akageuka. "Nani huyo?"

"Nani huyo?" Ater akaliuliza darasa, akiangaza huku na huku kama vile naye angependa kujua.

"Kijana, kaa chini."

"Kijana, kaa chini." Hakukaa. Agamlong hatekelezi maneno, huyafikisha tu.

"Umelewa?"

"Umelewa?" darasa likaulizwa, na watu wawili wa nyuma wakatikisa vichwa kukana.

Santina akasimama. "Mwalimu, naomba radhi. Kosa ni la kamati."

"Mwalimu, naomba radhi. Kosa ni la kamati."

"Ni kwa ajili ya Wol," akasema. "Hasikii."

Hapo sauti ya Ater ikakatika. Rula ikashuka. Mzaha wake wote haukuwa umefika mahali hapa, na ilionekana wazi kwamba neno lile hakutaka kulitupa darasani kwa nguvu kama mengine.

Wol alikuwa amemkazia Santina macho midomoni. Alikuwa ameyasoma maneno ya Santina. "Lirudie," akamwambia Ater. "Ndiyo kazi yako."

Ater akaiinua rula tena. "Ni kwa ajili ya Wol," akasema, kwa sauti kubwa ila bila ng'ombe ndani yake. "Hasikii."

Halafu kiti kikalia kule nyuma. Aliyeinuka alikuwa Jada, mwanafunzi mtu mzima kuliko wote, polisi wa zamani aliyesoma kwa Kiarabu shule za Khartoum na kuanza Kiingereza akiwa na mvi. Alisimama wima kama anatoa ushahidi.

"Mwalimu, na mimi sisikii."

"Mwalimu, na mimi sisikii," Ater akarudia.

"Tangu muhula uanze. Masikio yangu ni mazima. Ni hiyo jenereta, na huo ubao unaoongea nao."

Mwingine akasema yeye pia. Kisha dawati zima la dirishani. Ater alizunguka kutoka mmoja hadi mwingine akirudisha kila ungamo, mpaka jasho likamtoka na kitambaa kikaanguka. Santina aliwatazama watu ambao kwa miezi alidhani wanasikia vizuri, na akatamani kuketi. Akaketi.

"Kwa nini hamkuniambia?" mwalimu akauliza, na swali likaenda hadi nyuma.

Jada akajikuna kidevu. "Wewe ni mzee wetu. Mzee haambiwi hasikiki. Anatikisiwa kichwa."

Mwalimu Erifazi alivuta kiti polepole. Ilikuwa mara ya kwanza kwao kumwona ameketi, na kwa mara ya kwanza Santina akaona kwamba hata yeye amechoka, uchovu wa aina ile ile, wenye godoro lake.

"Na mimi," mzee akasema, "nilidhani mna msiba. Kila kipindi naweka kichekesho kimoja, na hakuna anayecheka. Nikasema moyoni, watu hawa wameona mengi, usiwaulize. Nikawa nawaombea kila Jumapili."

Ater alilirudia hilo hadi mwisho bila kutabasamu, na kwa mtu kama yeye huo ulikuwa ujasiri.

"Tupe tena hata kimoja, mwalimu," Jada akasema.

Mzee akafikiri. "Mtu alikuja mahakamani kwangu kulalamika kwamba jirani ameiba shamba lake. Nikamwuliza, amelipeleka wapi? Akasema, Mheshimiwa, hajalipeleka popote, ndiyo maana nimechelewa kujua."

Ater akakirusha. Jada, kwa hiari yake, akakigeuza Kiarabu cha Juba kwa ajili ya wenzake wa nyuma. Darasa likacheka, cheko lililolimbikizwa muhula mzima, mpaka mlinzi wa hoteli akachungulia dirishani kuona kuna nini.

Santina hakucheka. Alikuwa akimtazama Wol. Siku zote Wol hucheka wa mwisho, baada ya kuona meno ya wenzake, na huacha wa mwisho pia, kwa kuogopa kuacha mapema. Safari hii alicheka pamoja na wote. Tena alimtangulia Jada.

Ikapangwa hapo hapo kwamba kila kipindi atasimama mtu mmoja kuwa mdomo wa mwalimu, na mwalimu akaapa kuutenga ubao. Mikono ilinyooshwa mingi. Mkono wa Santina nao ukaanza kupanda wenyewe, kwa mazoea.

"Yule dada hapana," Ater akasema. Hayo ndiyo maneno pekee aliyosema ya kwake mwenyewe tangu kipindi kianze.

"Unaenda bandarini?" Santina akamwuliza Wol, karibu na sikio.

Wol alilitazama begi. Kisha akalisukuma kwa mguu hadi upande wake Santina, akaliinua, akamwekea juu ya dawati. "Lina nguo tu," akasema. "Ni laini. Leo andika usingizi, mimi nitakuandikia ardhi."

Santina alitaka kubisha. Alikiweka kichwa begani mwa begi ili abishe akiwa amestarehe. Sauti ya mzee ilipita kama maji ya mbali, ikifuatwa na sauti ya Ater, mipaka, mashahidi, mti uliopandwa na babu, na kati ya sauti ya kwanza na ya pili palikuwa na nafasi ndogo, tulivu, yenye upana wa mkeka. Akaingia humo.

Mwalimu Erifazi alimwona. Akanyamaza, akainamia meza, na kwa upole wote wa miaka yake akanong'ona, "Dada yule amechoka sana. Tafadhali asiamshwe."

Ater akajaza mapafu. Alikuwa ameapa kuyafikisha yote.

"Dada yule amechoka sana," akatangaza, hadi kwa mlinzi wa hoteli. "Tafadhali asiamshwe."