Mapambo ya Karatasi, Shubra

Wiki moja kabla ya Ramadhani, watoto wa uchochoroni Shubra walikuwa wakikoroga gundi ya unga wa ngano na kukatakata madaftari ya mwaka jana, wapate mapambo ya kutungika kwenye uzi kutoka roshani hadi roshani. Nahla, ghorofa ya tatu, hakuwa na hamu ya kuchungulia. Aliacha ukarani ili awe msanifu wa michoro wa kujitegemea, na miezi sita mizima hakupata mteja wa maana. Sasa mjomba wake Fathi alikuwa amemtafutia kiti kingine cha ukarani ofisini, na jibu alilitaka leo.

"Kubali tu, mwanangu," mama yake, Bi Inshirah, alisema akipanga vikombe vya chai. "Kuchora kuzuri, lakini ni mchezo."

Akaingia Bi Safinaz, mwenye duka la kunafa, vile vitamu vya Ramadhani, aliyemwagiza Nahla amchoree boksi jipya la msimu. Akautupia mchoro kwenye kompyuta ya Nahla jicho moja tu.

"Fanusi na mwezi! Binti yangu, Misri nzima ina fanusi na mwezi. Boksi hili likichanganyika na mengine, hata mimi mwenyewe silitambui." Akanyanyua mkoba wake, akainuka.

Nahla akageuza uso. Dirishani, uzi wa kwanza wa karatasi ulikuwa ukipanda polepole, na kivuli chake kikapita ukutani, juu ya meza, usoni mwake. Kwa kitambo hakujua ana miaka mingapi. Alikuwa amelala chali juu ya paa, mikono inanuka gundi, na juu yake hesabu za daftari la kaka yake, alilolikatakata, zilikuwa zikielea angani, ukurasa kwa ukurasa. Kipigo kilikuwa kinamngoja, wala hakujali. Alikuwa na furaha mno.

Kwenye kiti palikuwa na rundo la madaftari ambayo mama aliwawekea watoto. Nahla akachana ukurasa uliojaa mwandiko wa kitoto, akaukunja mara tatu, akashika mkasi wa jikoni. Hakufikiri, vidole vilijua njia. Alipoukunjua kuelekea dirishani, jua likapita matunduni, nyota ndogo ndogo zikatua kwenye vikombe na kwenye mikono ya Bi Safinaz.

Bi Safinaz akaketi tena, taratibu.

"Hivi ndivyo tulivyokata mimi na dada zangu," alisema kwa sauti ndogo. "Na huo mwandiko wa mtoto usiufute, tafadhali. Hata makosa yake."

"Nitatoboa kifuniko cha boksi," Nahla alisema, akichukua ukurasa wa pili. "Nuru iingie hadi ndani."

Mlango ukagongwa kwa nguvu. Alikuwa mjomba Fathi, anahema kwa ngazi.

"Yuko wapi huyo msichana? Meneja hangoji mtu!"

Bi Inshirah alitazama zile nyota mezani, akatazama uso wa binti yake, kisha akasimama katikati ya mlango.

"Shusha sauti, Fathi," alisema. "Nahla yuko kazini."