Saa ya Meli na Kitambaa Chekundu

Nukta aliishi ndani ya meli ya mizigo. Mama yake, mwanamke mwenye kovu kidevuni, alikuwa fundi wa injini. Melini hapakuwa na mtoto mwingine.

Kila siku Nukta alicheza karata peke yake. Karata hizo zilikuwa za mama tangu utotoni, na saba ya kopa haikuwemo. Alipomwomba mama wacheze, alijibiwa, "Injini haina Jumapili, mwanangu. Kesho."

Kesho haikufika.

Meli ilielekea magharibi. Kwa hiyo, kila siku baada ya chakula cha mchana, saa ya ukutani ya chumba cha kulia ilirudishwa nyuma. Aliyeirudisha, mara nyingi mama, alifunga kitambaa chekundu kwenye msumari, ili mwingine asiirudishe tena.

Siku moja Nukta hakuona kitambaa. "Mama amesahau," alifikiri. Akapanda kiti, akairudisha saa. Kumbe mama alikwisha kuirudisha!

Injini ilinyamaza, kisha ikanguruma kwa sauti ngeni. Kuta zilinuka rangi mpya. Mezani aliketi msichana wa rika lake, akicheza karata peke yake.

"Umetokea wapi wewe?" msichana aliuliza. "Baba yangu ndiye mpishi wa meli hii. Hajaniambia kuna mtoto."

"Hata mimi sijaambiwa kuna wewe."

"Basi kaa. Nimechoka kujishinda mwenyewe."

Walicheza. Msichana alificha karata chini ya paja, waziwazi.

"Mwizi wewe!" Nukta alisema.

"Siku za mwizi ni arobaini. Mimi bado niko ya tatu."

Nukta alicheka mpaka machozi yakamtoka. Halafu akatazama mkononi mwake. Alikuwa ameshika saba ya kopa. Akamtazama msichana. Kidevuni alikuwa na kovu.

Nukta alielewa. Angependa kubaki. Lakini kule alikotoka, mama angemtafuta chumba kwa chumba.

"Lazima nirudi," alisema.

"Na mimi nitabaki na nani?"

Nukta alipanda kiti, akaisogeza saa mbele.

Rangi ya kuta ilikuwa kuukuu tena. Meza ilikuwa tupu. Nukta alishuka ngazi mbio hadi chumba cha injini. Mama alikuwa akifuta mafuta kwa kitambaa chekundu.

Nukta alifungua kiganja. Saba ya kopa ilikuwa bado mle.

Mama aliichukua, akaigeuzageuza.

"Kumbe ulikuwa wewe," alisema taratibu. "Kila tukipita bahari hii, sifungi kitambaa. Nilitumaini mtu akosee saa, mgeni wangu arudi. Nimemngoja tangu utoto."

"Nilikuwa hapa hapa, Mama. Juu, mezani. Peke yangu."

Injini iliendelea kunguruma. Mama alimwita msaidizi wake aishike zamu, akageuza ndoo, akaikalia.

"Gawa karata," alisema. "Na usinitazame mikono."