Herufi Moja Katika Ripoti

Mume wangu, mzee wangu huyu, alikuwa rubani wa ndege ya kivita. Alipaa vitani mara thelathini na saba, kisha wakubwa wakampeleka chumba cha kukunja miavuli ya kurukia kutoka ndegeni, akawa anawakunjia wenzake mpaka vita vilipoisha. Kosa hakuambiwa. Alijibiwa tu, "Karatasi imeshasema."

Mwezi huu kikosi chao kinaandika majina ya marubani wake ukutani. La kwake halimo. Nilipoandika kuuliza, walinijibu kwa adabu, wakanitilia na nakala ya karatasi yenyewe. Ilikuwa ripoti ya rafiki yake tunayemwita Mluzi, kwa vile alizoea kupiga mluzi kwenye redio wakiwa angani. Sentensi moja tu: "Nilipopigwa risasi, mwenzangu alinigeuka." Chini yake, saini.

Nilirudia kusoma mara tatu. Siku ile mzee wangu alimgeukia! Alirudi katikati ya risasi, akaruka ubavuni mwake mpaka ndege ya Mluzi ikatua inafuka moshi. Herufi moja imedondoka, mtu akawa msaliti.

Nikajipa moyo. Mluzi yu hai, na kila Jumamosi huja kucheza drafti. Atawaandikia mistari miwili, yaishe.

Akaja. "Shemeji, leo chai ina sukari, au bado naadhibiwa?"

"Inayo. Kaa."

Alimnyooshea mzee wangu kola ya sweta, kama afanyavyo siku zote. Nilikuwa nampendea hilo.

"Leo nakula kete zako zote, kaka."

"Wewe? Miaka yote unakula maneno tu."

Nikaiweka karatasi juu ya ubao. Mluzi hakutoa miwani mfukoni. Hakuhitaji kuisoma.

"Ulijua," nikasema.

"Aliandika karani, shemeji. Mimi nilikuwa hospitalini, mkono umeungua."

"Lakini ulijua."

"Niliiona wiki ya pili. Nishani nimeshavishwa. Ningesema nilisaini bila kusoma, wangeuliza na mengine, nani aliniruhusu kuishusha ndege chini vile siku ile." Akamtazama mzee wangu. "Nilidhani itapita, kaka."

"Ulikuwa unaniletea matunda kule kwenye miavuli," mzee wangu akasema.

"Kila wiki."

"Na mimi nawasimulia watu moyo wako ulivyo."

Mluzi akaomba kalamu. "Naandika sasa hivi. Nitasema karani alikosea, na mimi ndiyo kwanza naiona leo. Mwezi hauishi, jina liko ukutani."

Kalamu nilikuwa nayo mkononi, nikampa. Nililitaka jina lile. Mzee wangu ana miaka themanini na minne, na miaka haimsubiri mtu.

"Karani yule ni marehemu," mzee wangu akasema taratibu. "Usimtwike mzigo wako. Andika kwamba uliiona, ukanyamaza."

"Wajukuu zangu watasoma, kaka."

"Na wangu wamesoma nini?"

Mluzi aliizungusha kalamu vidoleni, kisha akailaza mezani. Akasimama, akangoja. Siku zote mzee wangu humsindikiza mpaka getini, hata akiwa na homa. Safari hii alivuta ubao karibu, akaanza kupanga kete za pande zote mbili, hakuinua macho.

Basi nikampa mgeni fimbo yake, nikamfungulia mlango.

"Jumamosi ijayo, shemeji?"

"Angalia ngazi," nikamwambia. "Zina utelezi."