Mkurugenzi Mpika Chai

Tangu asubuhi Mama Chai alikuwa hatulii. Ulisikia wapi mpika chai akavishwa koti la bosi, akakalishwa kwenye kiti cha kuzunguka na kuambiwa, "Leo wewe ndiye mkurugenzi"? Lakini ndivyo alivyotaka mwanasheria wa kampuni. Madini ya mgodi wa kampuni yaliuzwa kupitia ofisi hii kwa bei ya kutupa, karatasini tu, ili faida ikatokee ng'ambo kusikotozwa kodi. Sasa wakaguzi wa kodi walikuwa njiani, wanataka kumwona mwenye ofisi.

Jina lake liliandikishwa zamani kuwa mkurugenzi. "Weka sahihi hapa, mama, mambo ya ofisi tu." Akaweka. Angekataaje, na binti yake anasomeshwa na mshahara huohuo?

"Ukiulizwa lolote, itikia tu," mwanasheria alimnong'oneza. "Ukiropoka, kazi huna."

Wakaingia wawili, mwanamke na mwanamume.

"Wewe ndiye mkurugenzi?" mwanamke aliuliza.

"Ndiyo."

Yule mwanamume akakohoa. Lo! Kabla hajajijua, Mama Chai alishainuka, trei ya chai mkononi. "Sukari vijiko vingapi, baba?"

Wakaguzi wakatazamana.

"Mama," mkaguzi mwanamke alisema taratibu, "kazi yako hapa ni nini hasa?"

Akageuka kumtafuta mwanasheria. Hayupo! Viatu vyake vilisikika vikishuka ngazi mbiombio, mwoga mkubwa yule.

"Napika chai, dada. Nafagia. Haki ya Mungu, huo mgodi sijawahi hata kuuona."

"Nakuamini."

Mama Chai akashusha pumzi.

"Lakini wenye mali wako mbali, hatuwafikii. Aliyesaini ni wewe. Itabidi tuondoke pamoja."

Akashika meza. "Jamani! Mimi nakatwa kodi kila mwezi kwenye kamshahara kangu! Sijawahi kuficha hata senti!"

"Najua, mama," mkaguzi alisema, akimkwepa macho.

Akaruhusiwa kupiga simu.

"Mwanangu, pika ule. Usinisubiri."

"Bosi amekubakisha tena kazini?" binti yake aliuliza huku akicheka.

Mama Chai alitaka kumjibu. Akaangua kilio.