Tulipoligawa Kundi la Mafundi

Mimi ni katibu wa chama cha mafundi cherehani, na kama kuna kitu kilichokuwa kikinipandisha mori ni kundi letu la simu. Watu thelathini na tisa, kundi moja, kila kitu humo humo: mitindo, misiba, cherehani iliyogoma, mtoto wa fulani kafaulu, na katikati ya yote hayo, vipimo. Chama kikipata kazi nyingi huwa tunagawana. Aliyempima mteja anatupia vipimo kundini, mwenye nafasi anashona. Na mafundi tuna ugonjwa wetu, jina la mteja hatuandiki. Tunaandika "yule wa jana".

Ndipo fundi mmoja, mtu makini kweli kweli, akamshonea bibi harusi gauni kwa vipimo vya mlinzi wa benki. Vya bibi harusi vilikuwa juu kidogo, vimefukiwa na "salama", "salama sana", "tumeamka salama" ishirini na kitu. Gauni lile angeingia yeye na mama yake, na nafasi ikabaki. Tulilipunguza watu watatu, siku nzima, na bibi harusi analia pembeni.

Nikasema imetosha. Jumapili mchana niliketi na simu, nikapanga. Kundi mama la matangazo, wanaoandika ni viongozi tu. Chini yake makundi madogo: Vipimo, ambako ujumbe usio na jina la mteja unafutwa bila mjadala, Mashine, Vitambaa na Mitindo. Salamu sikuzitafutia mahali, kwa sababu niliona hazina kazi. Jumatatu kukawa kimya kitamu, na vipimo vinasomeka kama daftari la mwalimu.

Kimya hicho kilikuwa na mwenyewe, ila sikumfikiria. Mama mkwe wangu ndiye aliyelianzisha kundi, kisha akaniachia mimi usimamizi, na kila siku saa mbili asubuhi aliandika, "Mmeamkaje, mafundi?" Sasa hakuandika Jumatatu, wala Jumanne. Nikimpigia, simu inatumika. Nikirudia, inatumika.

"Umemfunga mama mdomo," mume wangu akaniambia, nusu utani.

Utani wake ulinikata maini. Nilipoolewa sikujua hata kutia uzi kwenye sindano. Mama yule ndiye aliyenifundisha kazi, akinifumulia nilipoharibu, na hakuwahi kunisema kwa mwanawe. Chama ningeweza kukiacha hata kesho. Yeye sikuwa tayari kumpoteza.

Jumatano nikafunga duka, nikamfuata kwake. Nilimkuta mezani, cherehani imefunikwa shuka, miwani puani, simu sikioni.

"Haya mwanangu, nimefurahi. Kazi njema." Akakata, akaweka alama kwenye daftari.

"Shikamoo, mama."

"Marahaba. Kaa kwanza, nimebakiza sita."

"Sita nini?"

"Watu. Kundi halinikubali, sijui nimebonyeza wapi. Sasa nawapigia mmoja mmoja."

"Mama, watu wote hao, kuwasalimu tu?"

Akavua miwani. "Wengi wetu tunashona peke yetu, mlango umerudishwa. Mwaka juzi fundi suruali alianguka dukani kwake asubuhi, akaokotwa jioni. Tangu siku ile mimi naandika, wao wanaitika, nahesabu. Asiyeitika namtuma jirani akamwangalie."

Miaka yote nilidhani ni porojo za asubuhi.

"Nilijua umenikasirikia," nikasema hatimaye.

"Kwa lipi? Mimi nilijua mmenichoka, mmeona aibu kuniambia."

"Hatujakuchoka, mama. Ni mimi niliyefunga, na nimekosea."

Akacheka mpaka akakohoa, akanigonga begani na daftari. Jamani, nilipumua. Hapo hapo nikamfungulia kundi dogo la tano, Salamu, yeye ndiye msimamizi, na nikamwonyesha mara mbili pa kubonyeza. Daftari akalisukuma kando, akafunua cherehani. Kumbe alikuwa na sketi tano zinamngoja.

Kesho yake nilikuwa nimeshaketi kwenye mashine simu ilipolia.

"Wameitika thelathini na saba," akasema. "Umebaki wewe."

Nikaona haya. Tangu niingie chamani sikuwahi kuitikia salamu yake hata moja.

"Sasa siku zote ulikuwa unajuaje kama mimi ni mzima?"

"Wewe nilikuwa napita kwako. Nikienda sokoni nazungukia njia ya nyuma ya duka lako, nasimama chini ya dirisha. Nikisikia cherehani inalia, naendelea na safari. Lakini magoti haya, mwanangu, ile njia siku hizi inanishinda."

Machozi yakanilenga.

"Usizunguke tena, mama," nikamwambia. Nikafungua kundi la Salamu na kuandika kwamba nimeamka salama.