Benchi Ndani ya Lori

Lori lilifika kwetu jeupe, jipya, tupu kama boksi la viatu. Lilikuwa la aina ile ile wanayobebea mikate na magodoro: kichwa mbele, sanduku la bati nyuma, na mlango wa kuviringishwa juu. Sisi wazimamoto wa kujitolea wa kijiji cha Skogdal tulikuwa na magari mawili ya maji, lakini hatukuwa na gari la kuyafuata likiwa na mitungi ya hewa ya akiba, jenereta, taa, glavu kavu na maji ya kunywa. Kununua lililokwisha kutengenezwa ni mambo ya watu wa mjini. Tukaona bora tulitengeneze wenyewe.

Kazi alipewa Verlyn Haugstad. Kwa miaka arobaini alikuwa amejenga makabati ya jikoni katika nusu ya nyumba za wilaya yetu, na nyumba zilizobaki zilikuwa zinamsubiri. Alikuwa na miaka sabini na mmoja, na haruhusiwi tena kuingia kwenye moto, ingawa koti lake la kazi hakulirudisha na hakuna aliyethubutu kumdai. Mimi, Renae, ndiye dereva. Siku za shule naendesha basi la wanafunzi, kwa hiyo ilionekana gari lolote kubwa ni langu.

Mkuu wetu, Lorna Quamme, ambaye hukamua ng'ombe sitini kabla hajanywa kahawa, alimpa Verlyn agizo moja tu: upande wa kushoto aache nafasi ya benchi la watu sita, wakitoka kwenye moshi wapate pa kukaa na kupumua. Verlyn akaitikia kwa kichwa. Akafunga mlango wa karakana, na kwa wiki tano tukawa tunasikia msumeno tu.

Alipotuita tukaone, tulisimama midomo wazi. Kuta zote mbili zilijaa makabati ya mwaloni, toka sakafuni hadi juu, droo zinateleza kwa kidole kimoja, kila mtungi na tundu lake. Mtu mmoja akauliza kama tukifika kwenye moto tuanze kuzima au tuoke keki kwanza. Verlyn akacheka pamoja nasi. Benchi halikuwapo.

Sababu tuliijua sote, ila hakuna aliyeitaja. Januari ya mwaka juzi, banda la ng'ombe lilipoungua, Arlan Bestul alitoka kwenye moshi akaenda kukaa peke yake kwenye theluji, nyuma ya gari la maji. Nusu saa ikapita kabla mtu hajakumbuka kumwangalia. Moyo wake ulikuwa umeshasimama. Arlan na Verlyn walikuwa marafiki tangu hawajaota ndevu. Tangu siku ile, mazungumzo ya kuwapumzisha watu wakati wa moto yakianza kituoni, Verlyn hukumbuka ana shughuli nje.

Lorna hakugomba. Aliniambia tu nilipeleke lori kwenye mizani ya kinu cha chakula cha mifugo. Nilipokuwa njiani nilishajua jibu, maana kila kona lori lilikuwa linalala upande kama mtu mwenye jino linalouma. Mizani ikasema matairi ya nyuma yamezidishiwa ratili mia tisa, kama kilo mia nne, na hapo hatujapakia maji wala mtu hata mmoja.

Tuliporudi, Lorna alipanda akapitisha kiganja kwenye mbao.

“Verlyn, hii kazi ni nzuri kuliko jiko langu,” alisema. “Lakini haiwezi kwenda barabarani.”

“Nitapunguza.”

“Upande wa kushoto utoke wote. Na benchi liwekwe.”

Verlyn alifuta mikono kwa kitambaa, kidole kimoja kimoja. “Benchi ni mahali pa kumsahau mtu,” alisema.

Lorna alishuka kwenye lori. Halafu akasema ng'ombe wanamsubiri, akaondoka. Sidhani alikuwa amekosa jibu. Nadhani aliona si yeye wa kulitoa.

Jumamosi iliyofuata nilikwenda kumsaidia Verlyn kuyafungua makabati ya kushoto. Tulitoa bolti moja baada ya nyingine, tukayashusha na kuyapanga kwenye ukuta wa karakana. Hakunung'unika. Mtu angedhani ni kazi ya mtu mwingine tunayoibomoa. Saa sita mchana mlango wa karakana ukagongwa, akaingia Marlys, mjane wa Arlan, na sufuria ya supu ya viazi iliyofungwa taulo. Alisema amesikia lori limefika na hajaliona. Sote watatu tukakaa pembeni mwa sakafu ya lori, miguu inaning'inia, tukanywa supu.

Marlys akatazama nafasi tuliyoiacha wazi, akauliza itawekwa nini. Nilimjibu mimi, kwamba benchi. Verlyn akaweka bakuli chini.

“Marlys, kuna kitu sijawahi kukwambia.”

“Basi niambie.”

“Mimi ndiye niliyemwambia akakae kule. Alikuwa anahema, nikamwambia, nenda nyuma ya gari, kule hakuna upepo. Akasema atarudi baada ya dakika tano. Mimi nikarudi kwenye pampu.” Sauti yake ilikuwa kavu, kama ya mtu anayesoma vipimo. “Nilimficha kabisa. Hakuna aliyeweza kumwona.”

Nilitamani ningekuwa nimebaki nyumbani. Marlys alikoroga supu yake, ingawa haikuwa na cha kukoroga.

“Miaka thelathini na mbili nilikuwa namwambia Arlan akae,” alisema. “Chakula amekula amesimama. Homa ameiugua amesimama. Hata mchungaji akija anasimama naye mlangoni. Na wewe ukamwambia mara moja akakaa?”

“Alikaa.”

“Basi alikuwa amechoka kweli.” Machozi yalimtoka, akayaacha yashuke. “Ulimtakia mema, Verlyn. Kumwambia akae hukukosea. Pa kukaa ndipo hapakuwa pazuri.”

Verlyn alilichukua bakuli lake akaimaliza supu. Marlys alipoondoka alimshika bega kidogo, akachukua sufuria, akatuambia tusiache kula.

Tulirudi kazini. Baada ya kama saa moja Verlyn akasimama katikati ya lori, akageuka kuutazama mlango, kisha akaniomba nishuke nisimame uani, hatua ishirini. Akauliza kama namwona. Nikasema namwona kofia hadi viatu. Akasogea akaegemea ukuta wa kushoto, pale Lorna alipotaka benchi. Nikasema sasa fremu ya mlango inamficha, naona goti tu.

“Kumbe,” alisema.

Benchi akalijenga mbele kabisa, karibu na kichwa cha lori, likikingama kutoka ukuta hadi ukuta, likiutazama mlango, hivi kwamba anayepita nje aone nyuso zote kwa mara moja. Mitungi akaipanga kushoto kwenye rafu nyepesi za plaiwudi, na kulia akabakisha makabati mawili. Safari hii mizani ilitupitisha. Lorna alipoliona hakusema ya kuwa si pale alipoagiza. Aliuliza tu nani atawaangalia watakaokaa, na Verlyn akasema ni yeye.

Oktoba, alasiri moja ya upepo, ghala la nyasi kavu likashika moto upande wa kaskazini. Ghala hatukuliokoa, ila ng'ombe wa banda la jirani tuliwatoa wote. Niliegesha lori mahali ambapo Verlyn alinionyesha, mlango ukielekea watu. Wakawa wanapanda wawili wawili, nyuso zimejaa masizi. Verlyn alimvua kila mmoja kofia, akampa maji, akamshika mapigo ya mkono huku akitazama saa, na akamwuliza jina lake, jina ambalo yeye mwenyewe alilijua tangu mtu huyo abatizwe, ili asikie kama analitamka sawasawa.

Lorna alikuja kuchukua mtungi tu. Verlyn akausogeza nyuma yake.

“Kaa, Mkuu.”

“Nina kazi.”

“Haitoroki. Dakika kumi.”

Walitazamana, wote wakaidi kama nyumbu wawili kwenye daraja jembamba. Lorna akakaa. Hakuumia mtu siku ile, wala hatukupata la kusimulia kanisani. Lakini nilimwona Lorna akilaza kichwa ukutani na kufumba macho, na Verlyn amesimama mbele yake, hatazami moto hata kidogo.

Tatizo lilikuwa ngazi. Ilikuwa juu mno kwa watu wenye buti nzito na magoti yaliyochoka, watatu walijikwaa. Jumatatu, nilipomaliza kushusha wanafunzi, nilimkuta Verlyn amelala chali chini ya lori na futi yake ya kupimia. Aliniambia nishike upande wa pili. Tukapima, tukabishana kidogo kama iongezwe hatua moja au mbili, tukakubaliana mbili, na kishikio cha chuma kila upande.